Tezi za Shingo na Wanaozihesabu

Nyama ya shingo ikitoka chumba cha upasuaji haina sura ya kutisha. Ni kipande cha mafuta ya manjano, urefu wa kiganja hivi, chenye mishipa iliyofungwa uzi na pengine ukanda wa msuli pembeni. Mpasuaji ameibandika kwa pini juu ya ubao laini, au ameiwekea nyuzi za alama, ili atakayeipokea ajue upande wa juu ni upi na wa mbele ni upi. Inatumbukizwa kwenye formalini, inaandikwa jina na namba, inapelekwa maabara. Mgonjwa bado yuko usingizini. Ndugu zake walioko kwenye benchi nje wanataka kujua jambo moja tu, kama atapona, na hakuna aliyewaambia kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kopo lile la plastiki, inamngoja mtu mwenye subira.

Nataka kumsifia mtu huyo, na wengine wanaopokezana naye kazi. Mgonjwa wa saratani ya koo hukutana na kazi yao siku daktari anapomtajia asilimia fulani na miaka fulani. Wapo wanaodhani namba hiyo imetoka kwenye kompyuta. Wapo wanaoiona kama ramli ya watu waliosoma. Asili yake ni vidole, kisu na macho, kisha hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba angeweza kuifuata akiketishwa na mwalimu mzuri. Kinachonivutia zaidi ni kwamba katika kila hatua kuna nafasi ya kujifanya umeona usichokiona, na ufundi wenyewe ni kuikataa nafasi hiyo.

Tuanze na meza ya mwanapatholojia. Kipande hulazwa kama kilivyokuwa shingoni, kisha hugawanywa kwa kanda. Kanda ya kwanza iko chini ya taya. Ya pili, ya tatu na ya nne hufuatana na mshipa mkubwa wa damu kutoka chini ya sikio hadi karibu na mtulinga. Ya tano iko nyuma, ya sita mbele, kuzunguka koromeo. Kila kanda hutengewa chombo chake, kwa sababu tezi ikishachanganyika na za kanda nyingine haiwezi tena kueleza ilikotoka. Halafu huanza kazi ya kupapasa. Mafuta hukatwa vipande vyembamba na kila kipande husuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Mafuta hulainika na kuteleza; tezi hukaidi. Aliyezoea hufanya haya kama mama anayechambua mchele kwenye ungo huku akipiga soga: jiwe hulijua kwa mguso kabla ya kuliona.

Tezi nyingine huwa imevimba hadi sentimita tatu au nne, katikati imeoza na kujaa majimaji. Hiyo hata mgeni ataiona. Zinazomtoa mtu jasho ni zile za milimita tatu, laini, zenye rangi inayokaribia ile ya mafuta yenyewe. Na hizo ndizo zinazofanya hesabu iwe hesabu. Tezi safi lazima ihesabiwe sawasawa na iliyoathirika, maana ripoti inayosema “hakuna saratani” baada ya kupata tezi 6 si ripoti moja na ile iliyopata 30. Ya kwanza huenda inasema tu kwamba kazi haikufanyika. Kanuni za kimataifa zinatarajia tezi 10 au zaidi kwenye upasuaji wa kuchagua kanda chache, na 15 au zaidi ukiwa mpana. Tafiti kadhaa zimeona kwamba wagonjwa waliotolewa na kuhesabiwa angalau tezi 18 huishi zaidi kuliko waliohesabiwa chache. Wataalamu bado wanajadili kama hiyo ni sifa ya mpasuaji aliyesafisha shingo vizuri au ya mwanapatholojia aliyetafuta vizuri. Mimi naona ni ya wote wawili, na hakuna takwimu itakayowatenganisha kwa urahisi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo ndilo hasa lililonifanya niiheshimu kazi hii. Tezi kubwa haiingii nzima kwenye kisanduku kidogo cha plastiki kinachokwenda kwenye nta, hukatwa vipande. Tezi ndogo huingia mbili tatu pamoja. Sasa kesho yake, chini ya hadubini, utajuaje kama vipande vinne unavyoviona ni tezi nne au ni moja iliyokatwa mara tatu? Fundi makini huzipaka wino wa rangi tofauti kabla ya kuzifunga pamoja, ya kwanza bluu, ya pili nyeusi, na huandika. Anayefanya haraka hupeleka tu. Kosa hilo halionekani na mtu yeyote. Ripoti itapigwa chapa safi, itasainiwa, na mgonjwa mwenye tezi moja mbaya ataandikiwa nne. Na pale ambapo tezi zimeungana zikawa donge moja, aliye mwaminifu huandika kwamba ni donge, hutoa kadirio lake, na hutaja kuwa ni kadirio.

Kwa nini shingo? Kwa sababu koo lina mifereji mingi ya limfu, na seli za saratani zikiachana na uvimbe wa mwanzo, njia yao ya kwanza mara nyingi ni kwenye tezi za shingo. Tezi hizo zikivimba, watu wengi wa kwetu huziita mitoki na kuzikanda kwa maji ya moto, na kwa watoto wenye mafua uvimbe huo kwa kawaida huisha wenyewe. Kwa mtu mzima, uvimbe wa shingo usiouma na usioondoka kwa wiki kadhaa ni habari nyingine. George Crile, mpasuaji wa Cleveland huko Marekani, aliliona hilo mapema. Mwaka 1906 alichapisha maelezo ya operesheni 132 za saratani za kichwa na shingo, akitetea kutoa tezi zote za upande mmoja kwa pamoja badala ya kudokoa iliyovimba peke yake. Upasuaji wake mkubwa uliondoa pia msuli wa shingo, mshipa wa damu na neva inayoinua bega, na wagonjwa waliopona walibaki na bega lililoanguka. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi Osvaldo Suárez wa Argentina aonyeshe kwamba mafuta yenye tezi yanaweza kutolewa yakiwa ndani ya ngozi zake nyembamba, vile vingine vikaachwa vizima.

Mwaka 1972 Robert Lindberg wa Houston akafanya kazi ya karani zaidi kuliko ya mganga: alipitia mafaili ya wagonjwa 2,044 na kuandika, kwa kila mmoja, saratani ilianzia wapi na tezi zipi za shingo zilikuwa zimevimba. Saratani ya findo hufika kanda ya pili kwanza. Ya koromeo hupendelea ya pili hadi ya nne. Nyuma, kanda ya tano, hufikiwa mara chache. Ramani hiyo bado inaongoza mikono ya wapasuaji na miale ya mionzi. Haikuwa na uvumbuzi wowote wa kutangazwa redioni. Ilikuwa na mtu aliyekubali kusoma mafaili elfu mbili.

Turudi maabara, siku ya pili. Nyama imekaushwa maji, imezama kwenye nta, imekatwa kwa unene wa mikroni tatu au nne, imelazwa juu ya kioo na kutiwa rangi: viini vya seli zambarau, vilivyobaki waridi. Tezi yenye afya ni nzuri kuitazama. Ina utando mwembamba wa nje, na ndani chembe ndogo za kinga zimejazana bila pengo. Saratani ikiingia huanza kwa kawaida pembezoni, chini tu ya utando, pale limfu inapomwagikia. Huko huonekana fungu la seli kubwa, zisizolingana, zenye waridi nzito kuliko za jirani. Ikibaki humo, habari si nzuri lakini ina mpaka. Swali ambalo mwanapatholojia huliuliza kwa kila tezi iliyoathirika ni kama imeutoboa utando na kutoka.

Swali hilo lina uzito kuliko yote katika shingo ya mgonjwa ambaye saratani yake imetokana na tumbaku na pombe. Saratani iliyotoka nje ya tezi hugusa mafuta, msuli, mshipa, na huelekea kurudi. Kitabu cha uainishaji kinachotumiwa tangu 2018 kinawataka wapime: isiyozidi milimita mbili kutoka kwenye utando huitwa ndogo, inayozidi huitwa kubwa. Milimita mbili! Na utando wenyewe mara nyingi haupo tena mahali hapo, umeliwa. Mpimaji hulazimika kuufuata kutoka kushoto ulikobakia, na kutoka kulia, akauunganisha kichwani mwake kwa mstari wa kufikirika, kisha kutoka kwenye mstari huo akapima kwa pembe mraba hadi seli ya mwisho. Wataalamu wawili wakipewa kioo kimoja wanaweza kutofautiana. Wazuri huitana, hutazama pamoja kwenye hadubini yenye vichwa viwili, hukata nyama zaidi kutoka kwenye kile kibunda cha nta, na wakishindwa kuafikiana huandika hivyo.

Uamuzi huo hautoi namba tu. Mwezi Mei 2004, toleo moja la jarida la tiba la New England lilichapisha majaribio mawili makubwa, moja la Ulaya lenye wagonjwa 334 na jingine la Marekani lenye 459. Yote mawili yaliuliza kama kuongeza dawa ya sisplatini juu ya mionzi baada ya upasuaji kuna faida. Mwaka uliofuata watafiti wa pande zote mbili waliweka takwimu zao mezani pamoja. Waliopata faida iliyo wazi walikuwa wale ambao saratani ilikuwa imetoka nje ya tezi, au kingo za nyama iliyokatwa hazikuwa safi. Sisplatini kwa kipimo kile huharibu usikivu, huchosha figo, humtapisha mtu hadi nyongo. Kwa hiyo yule anayefuata utando usioonekana kwa jicho moja kwenye hadubini ndiye anayeamua nani aupitie mzigo huo na nani aepushwe.

Idadi nayo ina neno lake. Zamani madaktari walifundishwa kanuni ya kutisha kwamba tezi moja yenye saratani hupunguza nusu ya matumaini ya kuishi. Kama kanuni ya kukaririwa si mbaya. Uchambuzi wa wagonjwa wengi umeonyesha kitu chenye mteremko zaidi: tezi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja huongeza hatari, na baada ya idadi fulani kila nyongeza huwa na uzito mdogo zaidi. Wengine hupenda uwiano, tezi mbaya kwa zote zilizotolewa. Uwiano ni mtego mzuri. Mbili kati ya 40 na mbili kati ya 8 hutoa picha mbili tofauti kabisa, na huenda tofauti yote ikawa imetoka kwenye vidole vya yule aliyepapasa mafuta.

Kisha mambo yakabadilika kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Kuanzia mwishoni mwa karne iliyopita hospitali za Marekani na Ulaya zilianza kupokea wagonjwa wa saratani ya findo na shina la ulimi ambao hawakufanana na wa zamani. Wengi hawakuvuta sigara kwa miaka mingi. Uvimbe wa kooni ulikuwa mdogo, lakini tezi za shingo kubwa, zimejaa majimaji, nyingine tatu nne kwa mpigo. Kwa vitabu vya wakati ule hiyo ilikuwa hatua ya nne. Na bado waliishi. Chanzo kilikuwa virusi vya HPV, hasa aina ya 16, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo wasichana wa Tanzania walianza kuchanjwa dhidi yavyo kitaifa mwaka 2018.

Kian Ang, daktari wa mionzi mzaliwa wa Indonesia aliyefanya kazi Houston hadi alipofariki 2013, ndiye aliyeongoza uchambuzi uliolimaliza suala hilo. Ulichapishwa 2010. Wagonjwa 323 wa saratani ya sehemu ya kati ya koo walikuwa na nyama iliyoweza kupimwa virusi, na 206 kati yao walikuwa navyo. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa na virusi walikuwa hai kwa asilimia 82.4, wasiokuwa navyo, asilimia 57.1. Ila sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Badala ya kutengeneza fomula yenye vipengele ishirini, kundi lake lilitafuta maswali machache yanayogawa watu vizuri. Je, ana virusi? Amevuta zaidi ya kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 10? Kama ana virusi na amevuta, tezi zake zimefikia wapi? Kama hana virusi na hajavuta kiasi hicho, uvimbe wa kooni una ukubwa gani? Maswali hayo, yakiulizwa kwa mpangilio huo, yaliwagawa wagonjwa katika makundi matatu: waliokuwa hai kwa asilimia 93.0 baada ya miaka mitatu, wale wa asilimia 70.8, na wale wa 46.2. Daktari anaweza kuyauliza akiwa amesimama kando ya kitanda, na jibu la maabara mkononi. Mtabiri mwenye tamaa angeongeza maswali mengine, na kila moja lingemfanya aonekane mjuzi zaidi kwa wagonjwa aliokwisha kuwaona na kumfanya akosee zaidi kwa wageni.

Virusi vyenyewe hutafutwa kwa njia ya mkato: protini iitwayo p16, inayofurika ndani ya seli virusi vikishachukua usukani. Kioo hutiwa rangi inayoigeuza kuwa kahawia, na mwanapatholojia hukadiria. Ikiwa asilimia 70 au zaidi ya seli zimekolea, kwenye kiini na nje yake, anaandika chanya. Asilimia 60 iliyokolea haijatosha. Mpaka huo waliuweka watu kwa makubaliano, baada ya kulinganisha na vipimo vya virusi vyenyewe, na anayeujua hushika adabu mbele yake.

Mwaka 2016 vituo saba vya Ulaya na Amerika Kaskazini viliunganisha kumbukumbu za wagonjwa 1,907 wenye virusi ili kuandika upya hatua za ugonjwa wao. Kitabu kipya kilipoanza kutumika, mgonjwa mwenye uvimbe mdogo wa findo na tezi tatu za upande mmoja, aliyekuwa hatua ya nne jana yake, alihamia hatua ya kwanza. Kwa waliofanyiwa upasuaji, mpaka uliobaki ni wa kuhesabu: tezi nne kushuka chini ni kundi moja, tano na zaidi ni jingine. Mwili wa mgonjwa haukuwa umebadilika hata kidogo. Walichofanya watunga kitabu ni kukiri kwamba maelfu ya watu walikuwa wametishwa kupita kiasi, na sioni taaluma nyingi zenye ujasiri wa kufanya hivyo kwa maandishi.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atulie kidogo. Tafiti zilizofanywa kusini mwa Sahara zimekuta virusi hivyo kwenye sehemu ndogo tu ya saratani za koo. Kwetu bado ni habari ya tumbaku, pombe na kuchelewa. Asilimia 93 ya uchambuzi wa Ang si ya kuazima. Mgonjwa wa Mwanza au Mombasa aliyesoma kwenye simu kwamba “saratani ya koo siku hizi inapona” huenda amesoma ukweli unaomhusu mtu mwingine. Kipimo cha p16 kinaweza kumjibu, na kama hakijafanyika, ni halali yake kukiulizia.

Hadi hapa nimezungumzia wanaoutazama mwili. Kuna fundi mwingine ambaye hajawahi kuiona nyama wala damu, na bila yeye hakuna asilimia hata moja niliyoitaja ingekuwepo. Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa baraka kwa kazi hii. Umoja wa kimataifa wa kupambana na saratani ulitoa mapendekezo yake ya kwanza ya kupanga hatua za ugonjwa, yakihusu titi na koromeo, yakiufuata mfumo wa Mfaransa Pierre Denoix wa kutazama uvimbe, tezi na kusambaa. Mwaka huo huo jarida la wanatakwimu wa Marekani lilichapisha makala ya Edward Kaplan na Paul Meier. Meier alikuwa akishughulika na wagonjwa. Kaplan alikuwa katika maabara za kampuni ya simu za Bell, akitaka kujua vikuza sauti vya nyaya za simu zinazopita chini ya bahari vitadumu muda gani kabla ya kuungua. Walikuwa wamegundua jambo lile lile, kila mmoja kivyake, wakashauriwa waandike pamoja. Waliandikiana barua kwa takribani miaka minne, huku wakihofia mtu wa tatu asije akawatangulia.

Tatizo lao lilikuwa watu wanaopotea. Chukua wagonjwa 10 wa kufikirika. Mwezi wa tatu mmoja anafariki. Mwezi wa tano wawili hawaji kliniki tena, na simu zao hazipatikani. Mwezi wa nane anafariki mwingine. Je, wangapi wameishi? Ukiwahesabu waliopotea kuwa wamekufa, unapata asilimia 60. Ukiwahesabu kuwa hai, 80. Ukiwafuta kana kwamba hawakuwahi kuja, 75. Kaplan na Meier walisema: mtumie kila mtu kwa muda uliomwona, usizidishe wala usipunguze. Mwezi wa tatu walikuwapo 10, wakabaki 9, yaani tisa ya kumi. Mwezi wa nane waliokuwa bado machoni petu ni 7, wakabaki 6, yaani sita ya saba. Zidisha tisa ya kumi kwa sita ya saba, unapata asilimia 77. Wale wawili wamechangia miezi yao mitano, kisha wametoka kwenye hesabu bila kusingiziwa kifo wala uzima. Kwenye mchoro, mstari hushuka kwa kila kifo tu, na mahali mtu alipopotea huwekwa alama ndogo ya wima.

Nimeona watu wakiupitisha macho mchoro huo kama pambo la makala. Mimi naona ni moja ya vitu vyenye adabu kubwa vilivyowahi kuchorwa. Lakini una sharti lake: waliopotea wawe hawatofautiani na waliobaki. Mgonjwa akitoka Kigoma kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, amesafiri zaidi ya kilomita 1,000. Asiporudi, inawezekana amepona na ana shughuli zake. Inawezekana pia nauli imekwisha, au hawezi tena kumeza, na ndugu wameamua alale nyumbani. Wa namna ya pili wakiwa wengi, mstari utabaki juu kwa uongo, na hesabu haina namna ya kujua. Anayejua ni karani wa kumbukumbu anayepiga simu ya mgonjwa, akikosa anapiga ya mke, akikosa anapiga ya mwenyekiti wa mtaa, na kuandika tarehe aliyotajiwa. Katika mlolongo wote huu huyo ndiye mwenye mshahara mdogo, na usahihi wa mstari unamtegemea kuliko unavyomtegemea profesa.

Kwa hiyo nikionyeshwa mchoro sasa hutazama kwanza chini yake, kwenye safu ya namba zinazotaja watu wangapi walikuwa bado wanafuatiliwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mkia wa mstari uliotulia vizuri upande wa kulia unaweza kuwa umebebwa na watu wanne.

Utabiri mzuri nao hujaribu kumvuta daktari mbali kuliko unavyoruhusu. Ilipojulikana kwamba wenye virusi wanaishi sana, ilionekana ni busara kuwapunguzia ukali wa tiba: badala ya sisplatini wapewe dawa nyingine, setuksimabu, pamoja na mionzi. Majaribio mawili yalifanywa, na matokeo yalipotoka mwishoni mwa 2018 yalikuwa pigo. Katika lile la Marekani, waliobaki na sisplatini walikuwa hai kwa asilimia 84.6 baada ya miaka mitano, waliobadilishiwa 77.9. Katika lile lililoongozwa kutoka Uingereza, baada ya miaka miwili, 97.5 kwa 89.4. Wagonjwa hao walikuwa na matarajio mazuri kwa sababu walikuwa wanatibiwa hivyo hivyo walivyotibiwa. Kujua nani ataishi hakukuambii ni dawa gani unayoweza kumwondolea. Hilo lilibidi liulizwe lenyewe, na waliolijibu ni wagonjwa waliokubali kupigiwa kura ya nani apewe nini.

Mwisho wa safari namba hufika kwenye chumba chenye viti vitatu. Mgonjwa, mara nyingi mtoto wake mkubwa, na daktari. “Daktari, baba atapona?” Anayejua kazi hasemi asilimia 46 na kunyamaza. Husema kwamba kati ya watu 10 waliokuwa na hali kama ya mzee, wanne au watano walikuwa hai baada ya miaka mitatu, kwamba hajui mzee ataangukia upande gani, na kwamba tiba waliyoipata wale ndiyo anayomtafutia. Kisha hungoja swali. Wengine hawataki namba kabisa, na wana haki hiyo. Wapo wanaoitaka ili wajue kama wauze ng’ombe kwa ajili ya matibabu au wamwachie mjukuu ada.

Saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, ndiyo maana kliniki za mwanzo hubanana na baadaye hutengana. Mgonjwa aliyeivuka miaka hiyo miwili hayumo tena kwenye kundi alilowekwa siku ya kwanza; wengi waliouvuta mstari chini hawapo, na matarajio yake huhesabiwa upya kuanzia pale aliposimama. Wachache huambiwa hivyo, na wanaoambiwa hushangaa. Kwa waliokuwa wavutaji, daktari huwa na jambo jingine la kuwaambia siku hiyo hiyo. Koo na mapafu yaliyopitiwa na moshi ule ule kwa miaka 30 yanaweza kuanzisha saratani mpya, isiyo na uhusiano na ile ya kwanza, na kadiri miaka inavyopita hiyo na moyo ndivyo vinavyoanza kuwaondoa watu zaidi kuliko tezi za shingo. Basi swali la kliniki hiyo ni kama bado anavuta, na ngapi kwa siku.